Kampasi Niliyomsingizia Mungu

Mimi ni dobi wa nyumba ya wageni, huu ni mwaka wa ishirini na moja. Kazi yangu ni mashuka. Nayafua, nayaanika uani, nayapiga pasi, nayakunja. Shuka la kitanda kikubwa mtu mmoja hawezi kulikunja likakaa sawa. Linataka wawili, mmoja huku, mmoja kule, mnavuta, mnasogeleana, mnapeana pembe. Mwenzangu wa upande wa pili, tangu akiwa darasa la nne, alikuwa binti yangu, kitinda mimba. Nyumbani tunamwita Daktari kwa sababu utotoni alikuwa akiwafunga kuku miguu kwa vitambaa, hata kuku wazima wasioumwa chochote.

Baba yao alituacha mapema, Mungu amrehemu. Tangu hapo nyumba yetu ikawa na desturi moja. Likitokea jambo kubwa, wanangu wananiletea mimi niliombee siku tatu. Nafunga, nasali, na siku ya tatu nasema nilichoonyeshwa. Nikishasema, hakuna anayebisha. Akina mama wa kikundi chetu cha sala nao wakasikia, wakaanza kuja na ya kwao. Sikuyatafuta mambo hayo, lakini nisijitakase bure: niliyapenda.

Mwaka juzi Daktari alichaguliwa chuo kikuu, kusomea udaktari wa mifugo. Mimi niliyeishia darasa la saba nilikaa chini sakafuni nikalia. Barua ilisema masomo hayo yanafundishwa kwenye kampasi mbili, achague moja na fomu irudi ndani ya wiki. Kampasi ya mjini ni basi moja tu kutoka kwetu, angelala kitandani kwake. Ile ya shamba ni safari ya kutwa nzima, imezungukwa na mazizi, na wanafunzi wanazalisha ng'ombe kwa mikono yao tangu mwaka wa kwanza.

Tulizungumza tukikunja.

"Mama, kule wana ng'ombe mia mbili."

"Na nyoka je? Idadi yao hawakuandika?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Vuta upande wako. Moyo wako uko wapi?"

"Uko shamba. Lakini niombee. Utakachoonyeshwa ndicho nitakachojaza."

Niliomba siku zile tatu, na sikuonyeshwa kitu. Kila nikifumba macho nilichokiona ni chumba chetu, vitanda viwili, kimoja kimetandikwa hakina mtu. Asubuhi ya tatu nilipiga magoti katikati ya ndoo za sabuni, nikasema, Ee Mungu, sema basi. Hakusema. Daktari akaingia na fomu na kalamu, nami nikasikia mdomo wangu unatamka:

"Nimeonyeshwa mjini."

Akaniangalia. "Umeonyeshwaje?"

Hakuwahi kuniuliza hivyo. Nikaona uongo mmoja umekonda, nikaunenepesha. "Nimekuona unapanda ngazi pana za jengo kubwa, umevaa koti jeupe."

Ngazi zile nilikuwa nimeziona kwenye karatasi ya matangazo ya chuo, aliyoileta mwenyewe.

"Basi, mama. Asante," akasema, akajaza palepale juu ya meza ya pasi. Ile asante ndiyo iliyonichoma.

Mpishi wa pale kazini, mwanamke asiyeweza kukaa bila utani, aliposikia alisema, "Dobi, Mungu wako ana huruma na nauli! Wa kwangu angenipelekea mtoto ng'ambo." Nilicheka naye. Nilipogeuka, foronya ilikuwa imeshaungua chini ya pasi.

Mwaka ule wa kwanza Daktari alisoma mifupa ya ng'ombe wa plastiki. Ng'ombe hai waliwaona siku mbili, wakiwa wamesimama nyuma ya uzio. Hakulalamika. Jioni anarudi, tunakula, ananikunjia mashuka, ananisimulia. Nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe niliionea haya. Akicheka uani, najisemea moyoni: kicheko hiki nimekiiba. Kwenye kikundi nilikuwa naombea watoto wa wenzangu kwa sauti, wa kwangu nashindwa kumtaja.

Mwaka ulipokaribia kwisha, tukiwa tumeshika shuka, akaniambia, "Mama, nataka kuacha udaktari. Nimepata nafasi ya kuhamia uhasibu, hapohapo mjini."

"Uhasibu? Wewe?"

"Nimefikiri sana. Mungu alijua ninavyopenda wanyama, akanipeleka pasipo na wanyama. Si ananiambia kitu? Wenzangu wanaomba kuhamia shamba, fomu zinafungwa Ijumaa. Lakini mimi nitakwendaje nilikokatazwa?"

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mtoto alikuwa anaaga jambo alilozaliwa nalo, tena kwa utiifu, kwa sababu ya ngazi za kwenye picha.

"Hukukatazwa," nikasema.

"Nini?"

"Mungu hakusema mjini. Hakusema chochote. Nilisema mimi."

Hakuliachia shuka. Alinisogelea, akanipa pembe zake, akamalizia kulikunja, akaliweka juu ya mengine, akalilainisha kwa kiganja. Ndipo akauliza, "Na zile ngazi?"

"Nilizitoa kwenye karatasi yako."

"Ulikuwa unaogopa nini, mama?"

"Kubaki na kitanda chako."

"Si ungesema? Ungeniambia, mwanangu, usiende, nitakuwa peke yangu. Ningekaa."

"Najua."

"Ningekaa, mama! Bila kumtia Mungu katikati!"

"Najua ungekaa. Ndiyo maana sikusema. Ungekaa kwa ajili yangu, na ukija kujuta, ningekuwa mimi niliyekuzuia. Nikampa Yeye abebe."

Alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu. Nilitamani anifokee. Kisha akasema taratibu, "Na ile ya kaka?"

Kaka yake ni fundi bomba. Miaka minane iliyopita alitaka kuoa mshonaji mmoja, akaniletea niombe. Siku ya tatu nilimwambia hakuna heri. Akamwacha, na mpaka leo hajaoa.

"Ile niliota kweli," nikasema. "Niliota yule binti anabeba mtungi uliopasuka."

"Uliota, au hukumpenda?"

Ndoto niliota. Kwamba sikumpenda, nako ni kweli. Kipi kilitangulia, nilitafuta pale nikiwa nimesimama, sikukiona.

"Sijui, mwanangu. Zamani nilijua. Sasa sijui."

Siku ya pili aliijaza fomu ya kuhamia shamba. Alipokuwa anavaa viatu nikasema kwa mazoea, "Nikuombee wakukubalie?"

"Hapana, mama." Hakusema kwa ukali. "Hili niachie. Nitaliomba mwenyewe."

Walimkubalia. Sasa hivi yuko huko, na wiki mbili zilizopita alinipigia simu akipiga kelele kwamba amemtoa ndama aliyetanguliza miguu ya nyuma, na ni mzima. Akina mama wa kikundi wakanipongeza, wakisema maombi yangu yana nguvu. Niliwajibu tu kwamba ameomba mwenyewe. Wakadhani ni unyenyekevu. Mashuka nayakunja na Mpishi, anavuta kama anakamua nguo, na kila siku ananiambia nimezeeka uso.

Kaka yake huja Jumapili baada ya ibada. Jumapili ya kwanza baada ya Daktari kuondoka nilitaka kumwambia, nikamtengenezea chai badala yake. Ya pili hivyohivyo, na zilizofuata. Jumapili hii iliyopita alifika na bahasha mkononi.

"Mama, nimepata kazi nzuri, lakini ni mji wa mbali sana. Niombee zile siku tatu. Utakachoonyeshwa, ndicho hichohicho."

Uso wake ulikuwa na imani ileile ya dada yake siku ile ya fomu, na pembeni mwa masikio nywele zimeanza mvi.

"Siombi hili, baba," nikamwambia. "Kaa kwanza. Kuna jambo la yule mshonaji."

Akavuta kiti haraka, anatabasamu. Alidhani nimepata habari zake.