Dereva wa Katumba anayefundisha wenzake kupitwa

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Mei, 1997. Gratien Nzohabonayo ameingiza nusu ya mwili ndani ya lori la mwenzake, miguu inaning'inia nje. Anatoa spana. Anatoa jeki. Anatoa chupa ya chai, ndala moja, na mwisho anatoa kuku jike aliyefungwa miguu.

“Na huyu ana leseni ya daraja gani?” anauliza.

Madereva wanaangua kicheko. Mwenye kuku anajitetea kwamba alimnunua jana akamsahau chini ya kiti. Gratien anamkabidhi kuku wake, kisha anamwonyesha pedali ya breki. Kitu chochote kinachocheza ndani ya gari, anasema, kitateleza hadi pale siku ambayo dereva atafunga breki kwa nguvu.

“Na kuku akikaa chini ya breki, nyie wote wawili ni kitoweo,” anamalizia, na kuhamia lori linalofuata.

Tupo kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, nje kidogo ya makazi ya wakimbizi ya Katumba, wilayani Mpanda. Ndege hazitui hapa siku hizi. Mapipa yaliyopakwa chokaa yamepangwa kuzunguka kiwanja na kufanya njia ya kilomita mbili hivi, yenye kona nne na sehemu mbili zilizonyooka. Kila Jumamosi ya Mei, kabla msimu wa kusomba tumbaku kwenda stesheni ya Mpanda haujaanza, madereva wa Chama cha Msingi Tupendane, ushirika wa wakulima, huja hapa kuzunguka.

Huja kuzunguka, si kushindana. Hilo mgeni huambiwa kabla hata hajakaribishwa vizuri. Hakuna saa ya kupima, hakuna kikombe, hakuna wa kwanza. Mwandishi wa makala haya alipouliza nani ana kasi kuliko wenzake, alitazamwa kama mtu aliyeuliza bei ya sanda harusini.

Gratien, mwenye umri wa miaka 36, ni dereva kama wao. Chama kinamlipa shilingi elfu arobaini na mbili kwa mwezi kuendesha lori la tani saba, na kazi hii ya Jumamosi haina malipo. Anatembea kwa kuvuta mguu wa kushoto. Ukimuuliza sheria za kiwanja chake anazitaja huku akiendelea kugonga matairi kwa nyundo.

Kila gari linakaguliwa breki, usukani, matairi na taa za nyuma. Abiria hakuna. Kioo cha upande wa dereva kinashushwa chote, hata kama vumbi linakera. Kati ya lori na lori iachwe nafasi ya mapipa matatu. Kupita gari lingine kunaruhusiwa mahali paliponyooka tu, na kunaruhusiwa pale tu dereva wa mbele atakapotoa mkono wa kulia dirishani na kuupunga kuelekea mbele.

“Wa mbele ndiye anaona njia, wa nyuma anaona vumbi,” anasema. “Kwa hiyo wa mbele atoe ruhusa. Na akishatoa, wa nyuma apite, apige honi moja ya asante, mambo yaishe.”

Kwa masikio ya mtu wa mjini, sheria hiyo ni nyepesi. Hapa Katumba si nyepesi hata kidogo, na mguu wa Gratien ndio ushahidi.

Alifika hapa akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, miongoni mwa familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972. Alilima mahindi na tumbaku na wazazi wake, akajifunza ufundi wa magari, kisha udereva. Mwaka 1984 alimuoa Ernestine, binti wa Libérat Bigirindavyi, dereva mkongwe kuliko wote katika makazi. Ndoa ilimpa mke mwema. Ilimpa pia baba mkwe anayeendesha lori kwenye barabara ileile.

Kwa watu wa huku, baba mkwe ni mtu wa kuogopwa. Mume wa binti hali naye sahani moja, hamtaji jina, na akikutana naye njiani hamtangulii. Gratien humwita Databukwe, yaani baba mkwe, na mpaka leo akizungumza naye macho huyaelekeza kwenye viatu.

Siku ya mkasa, Julai 1994, malori yao yote mawili yalikuwa yamejaa marobota ya tumbaku. Libérat alikuwa mbele. Kiangazi kilikuwa kimekaza na vumbi limesimama kama ukuta.

“Lori langu lilikuwa jipya, lake limechoka,” anasimulia Gratien. “Mara tatu nilipata uwazi wa kupita. Lakini nitamtangulia vipi baba wa mke wangu, nimwachie vumbi langu usoni? Nikabaki nyuma. Nikikaa mbali sioni kitu, nikasogea karibu ili nione taa zake. Kilomita kumi na nne nimefuata taa mbili.”

Ng'ombe wakakatiza barabara. Libérat alifunga breki. Gratien, aliyekuwa nyuma kwa hatua chache mno, aliingia chini ya bodi la lori la mkwewe. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Alilala hospitali siku sitini na moja.

Ernestine anaikumbuka habari ilivyomfikia shambani. “Mtu alikuja anakimbia, akasema mume wako na baba yako wamegongana. Nikakaa chini. Sikujua nianze kumlilia nani.”

Libérat hakuumia hata ukucha. Lakini maneno ya watu yalimuumiza. Vijiweni walimcheka mzee aliyegongwa nyuma na mkwe wake mwenyewe. Akaja hospitali mara moja tu, akaweka ndizi juu ya kitanda na kuondoka bila kukaa.

Wazo la kiwanja lilitoka kwa Anselmo, fundi mkuu wa Chama, ambaye ujanani alifanya kazi Nairobi kwa watu wenye magari ya mbio. Alikuwa akija kumtazama mgonjwa na kumpigia soga. Siku moja alimweleza kwamba watu wale walikuwa na siku zao za kuzunguka bila kushindana, na siku hizo mtu akipita gari la mbele bila kupewa mkono, alitolewa nje mara moja, awe tajiri au nani.

“Nilimwambia kuchangamsha mazungumzo tu,” anasema Anselmo. “Yeye akaomba karatasi.”

Mwaka 1995 Gratien alianza na madereva watatu. Msimu huo malori ya Chama yaligongana mara saba. Msimu uliopita yaligongana mara mbili, na mara zote mbili waliokuwa kwenye usukani ni watu ambao hawakuwahi kukanyaga kiwanjani. Chama kilipoona hivyo kikaamua: kuanzia mwaka huu, dereva asiye na kadi ya kiwanja hapakii mzigo. Na kadi hiyo mtu haipati mpaka ampite mwenzake kwa adabu, na yeye apitwe kwa adabu.

Hapo ndipo shida ilipo asubuhi hii. Kusomba kunaanza Jumatatu. Madereva tisa wana kadi. Wazee watano hawana, na mkubwa wao ni Libérat, mwenye miaka 61, ambaye kwa miaka miwili amekataa kabisa kuja. Wenzake wanne wamesema wazi kwamba Libérat asipozunguka, na wao hawazunguki. Gratien akishika sheria, atakuwa amemnyang'anya baba mkwe wake usukani. Akilegeza, kadi itakuwa karatasi ya kufungia karanga.

“Wiki nzima hajala vizuri,” anasema Ernestine. “Nikipika anasema ameshiba. Ameshiba nini?”

Saa tatu na dakika chache, lori kuukuu la Bedford linaingia taratibu. Madereva wanageuka kulitazama mmoja baada ya mwingine. Libérat anashuka, kofia mkononi. Wazee wanne waliokuwa wamesimama kando ya kiwanja wanasogea kumsikiliza.

“Nimekuja,” anasema mzee kwa sauti ya kutosha. “Lakini nitapitwa na mtu mmoja tu. Huyo aliyenigonga.”

Hakuna anayecheka. Gratien anatazama viatu vyake.

Ukaguzi unafanywa na Anselmo, maana mkwe hawezi kupekua gari la mkwewe. Bedford ina miaka mingi lakini breki zake zinashika vizuri. Katika chumba cha dereva hakuna hata msumari unaocheza. Mzee alikuja amejiandaa, na bila shaka ameziulizia sheria kimyakimya.

Bendera ziko mikononi mwa Bernadetha, karani wa mizani wa Chama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Ya njano ni punguza mwendo, nyekundu ni simameni wote. Nyeusi ni ya mtu mmoja: wewe hapo, toka nje. Nyeusi hiyo aliishona kutokana na sketi yake ya zamani, na tangu 1995 ameipunga mara kumi na tisa.

Malori mawili yanaondoka, Libérat mbele, Gratien nyuma kwa nafasi ya mapipa matatu. Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha injini moto. Wa pili, kwenye sehemu iliyonyooka, mkono wa kulia wa mzee unatoka dirishani. Unapunga mbele, mara moja, mara mbili.

Gratien hapiti.

Tunadhani hakuona. Wanakwenda kona, wanarudi, na mkono unatoka tena, safari hii mzee ameutoa mpaka begani na anaupunga kwa nguvu. Lori la nyuma linasogea kulia kidogo, linasita, na kurudi mahali pake. Umbali wa mapipa matatu umekuwa pipa moja.

“Jamani!” anasema Bernadetha. Kisha, bila kumwonea haya, anainua bendera nyeusi na kupaza namba ya lori la Gratien.

Mwalimu ametolewa nje na sheria yake mwenyewe. Vijana wanapiga miluzi na makofi, mmoja anauliza kwa sauti kama kuku yule bado yupo amwazime ujasiri. Gratien anasimamisha lori pembeni, anazima injini na kubaki ameshika usukani. Jasho linamtiririka, na saa nne ya Mei huku bado kuna ubaridi.

“Nimeshindwa,” anamwambia mwandishi wa makala haya aliposogea dirishani. “Miaka miwili nafundisha watu. Ule mkono nimeuona vizuri sana. Mguu ukakataa kukanyaga mafuta. Sasa hawa wazee nitawaambia nini?”

Libérat naye amesimamisha. Anashuka, anatembea mpaka kwenye lori la mkwewe, na anasimama akiangalia tairi la mbele, kwa sababu hata yeye hawezi kumwangalia Gratien usoni. Madereva wamesogea. Anaongea na lile tairi.

“Mukwe,” anaanza. Ni neno la kwao la kumwita mume wa binti. “Mwaka ule hukunipita kwa sababu sikukupa mkono. Nilikuona kwenye kioo. Nilisema moyoni, abaki huko nyuma ale vumbi, ajue mimi ni nani. Kosa lilikuwa langu na wewe ukavunjika mguu. Sijawahi kusema.”

Gratien ametoka kwenye usukani na amesimama upande wa pili wa mlango.

“Leo nimetoa mkono mara mbili mbele ya watu,” anaendelea mzee, na sasa sauti imekuwa kali. “Mara mbili umeukataa. Sasa nani anamdharau mwenzake?”

“Si dharau, Databukwe.”

“Basi pita, bwana! Mkono ukitolewa, mtu anaupokea.”

Sheria ya kiwanja inasema aliyetolewa kwa bendera nyeusi akae nje nusu saa. Gratien anakaa nje nusu saa kamili, kwenye jiwe. Bernadetha anaitazama saa yake kana kwamba hajawahi kumjua.

Wanaingia tena. Mzunguko wa pili, pale paliponyooka, mkono wa mzee unatoka. Lori la nyuma linasogea kulia, injini inapaza sauti, vichwa viwili vya malori vinakuwa sambamba kwa muda ambao sisi tulio pembeni tunauona mrefu. Kisha Gratien yuko mbele, vumbi lake linamfunika baba wa mke wake, na honi inalia mara moja. Bedford inajibu kwa honi yake, ambayo imekauka na kukwaruza.

Shangwe zinazolipuka hapo si za mtu mzima. Hata Bernadetha anarukaruka na bendera zote tatu, jambo ambalo kwa sheria za kiwanja halina maana yoyote. Nami nakiri nilipiga kelele pamoja nao.

Libérat anapunguza mwendo na kuliacha vumbi limtangulie, kama sheria inavyotaka, kisha anamaliza mzunguko wake polepole. Anaposhuka, nyusi zake zimekuwa za rangi ya udongo. “Kumbe si mbaya,” anasema akijipangusa kwa kofia. “Unakaa mbali kidogo tu, linapita.” Mpaka saa saba mchana wazee wote watano wamepita na kupitwa, na wamepata kadi.

Gratien ana mipango. Kiangazi kijacho anataka kwenda Majimoto, ambako malori ya mpunga na mifugo hukutana kwenye njia nyembamba, akaazime uwanja na kufundisha wiki mbili. Chokaa anayo, mapipa atayatafuta hukohuko. Bernadetha ameshasema ataenda, ila ashonewe bendera mpya, kwa kuwa hana tena sketi ya kutoa.

Jumatatu alfajiri malori kumi na manne yataelekea Mpanda, na Chama kimempanga Gratien aondoke wa nne, nyuma ya Databukwe. Anasema haogopi. Kisha anasema anaogopa kidogo.

Nyumbani kwake, Ernestine ameandaa ugali na maharage, na mume anakula mpaka anaongezwa. Binti yao mkubwa, Joséline, mwenye miaka kumi na miwili, anamwagia baba yake maji ya kunawa. Namuuliza Gratien tumaini lake kubwa ni lipi. Anangoja binti atoke.

“Huyu siku moja ataolewa,” anasema kwa sauti ya chini. “Kama huyo kijana atakuwa dereva, nikimwona tu kwenye kioo nitatoa mkono. Nitautoa mapema, kabla hajaanza kuniogopa.”