Banda Nililolikataa Siku ya Harusi

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba kujaa Tukuyu, nilinunua pale mtaa wake wa Bagamoyo kipimahewa cha shaba, chenye mshale wa kuonyesha jua au mvua. Nilipokitundika nyumbani Lupepo, mshale ulilala kwenye dhoruba wiki nzima, hata jua likiwaka. Kilitengenezewa watu wa pwani. Huku mlimani hewa ni nyepesi, nacho huihesabu dhoruba. Hilo nililisoma sekondari, nikalisahau. Nilichukua bisibisi, nikausukuma mshale mpaka kwenye jua, nikaridhika.

Mwezi wa tisa binti yetu wa kwanza akaolewa. Asubuhi majirani walikuja na mapanga kukata mianzi na majani ya migomba, wawajengee wageni banda. Nikawazuia.

"Leo hakuna mvua. Kipimo kimesema."

"Shemeji," akauliza mmoja, "hicho kipimo kimezaliwa Rungwe?"

Wakacheka mpaka wakaketi. Binti yangu hakucheka. "Na ikinyesha, baba?"

"Mimi nimesoma, mama."

Ukweli ni kwamba niliona aibu. Wakwe walitoka mjini, nami sikutaka wakae chini ya majani ya migomba.

Saa nane, wageni wakiwa na sahani mkononi, mlima ukajifunika. Upepo wa Ziwa Nyasa hupanda na unyevu, ukifika mlimani hupaa, hupoa, unakuwa wingu. Lakini ukikengeuka kidogo tu, mvua ya jirani zetu wa Kawetele inakuwa yako. Nani atajua utakengeuka lini? Siku ile ulikengeuka.

Mvua ilimwagika kwenye wali, kwenye suti za wakwe, kwenye gauni la binti yangu. Nilimtazama. Yeye akavua viatu.

"Baba, panga!"

Nikakimbilia migombani, majirani nyuma yangu. Tulikata, tukasimika mianzi huku tumelowa, kina mama wakituimbia. Baba mkwe wa binti yangu, tai shingoni, alishika nguzo kwa mikono miwili, akauliza, "Huku harusi zote huanza hivi?"

"Za wasomi tu," mke wangu akamjibu.

Bibi harusi alicheza peku kwenye matope mpaka jioni, chini ya banda hilo hilo nililolikataa. Nilimwomba radhi. Akanivuta nicheze.

Mabinti wengine wawili walipoolewa, jua lilikuwa kali. Nilitangulia migombani alfajiri, kabla ya jirani yeyote.