Ukuta wa Kituo cha Jorodom

Huku kwetu reli haipiti. Njia yetu ni barabara, na ukitaka kuwajua watu wa Hanang na Mbulu, kaa kituoni asubuhi: mwalimu anaelekea Katesh, mama ana kuku kwenye kapu, wengine wanasubiri gari la Basotu huku wamejifunika shuka kwa baridi. Mimi naandika mabango ya maduka. Mwenzangu, mchongaji wa Tumati, ndiye aliyeniambia, "Tuchore kumbukumbu za watu palepale wanaposubiri magari." Hakuna aliyetutuma.

Tumati tulichora sketi ya ngozi yenye shanga, kama zile walizovaa bibi zetu. Basotu tulichora ng'ombe wakinywa maji ziwani. Watu walifurahi. Kisha tukafika Jorodom, mahali ambapo matope, mawe na miti vilishuka kutoka mlimani vikazoa nyumba za watu.

Kituoni tulimkuta mama mmoja ameketi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnapima nini tena? Tangu tope lishuke, kila anayekuja hapa anapima."

"Hatupimi. Tunataka kuchora mtaa huu ulivyokuwa."

Alikuwa mshonaji. Tope lilimchukulia nyumba, cherehani na mdogo wake wa kike. "Basi choreni nyumba yangu," akasema. "Mlango ulikuwa wa bluu. Mdogo wangu alizoea kukaa hapo mlangoni akishona vifungo."

Tukachora, yeye akituelekeza. Jioni akaja mwenyekiti wa kamati ya kituo, akasimama mikono nyuma.

"Nani kawaruhusu? Watu wanajitahidi kusahau, nyie mnawakumbusha msiba! Choreni twiga, wageni wakipita waone uzuri."

"Mwenyekiti, twiga gani wa Jorodom?" mwenzangu akauliza.

Waliokuwa wakisubiri gari wakacheka. Yeye hakucheka.

Kesho yake tulikuta ukuta mweupe. Chokaa ilikuwa bado mbichi. Nilibwaga kopo la rangi chini kwa hasira. Mwenzangu akasema twende tukatafute kituo kingine, tusijitafutie matatizo.

"Nenda wewe," nikamwambia. "Mimi siondoki hapa."

Hakwenda. Yule mama alipofika, aliweka kiganja chake kwenye chokaa, mahali ulipokuwa mlango, akakitazama kilivyotoka cheupe. Akakifuta kwenye kanga.

"Nipe brashi," akasema. "Leo nachora mwenyewe."

Alikuwa hajawahi kushika brashi maishani mwake. Mlango ukatoka umepinda. Nikanyoosha mkono nimrekebishie, akanipiga kofi mkononi.

"Acha! Hata mlango wenyewe ulikuwa umepinda."

Watu wakaanza kuweka mizigo chini na kusogea. Mzee mmoja akaomba tumchoree zizi lake, akatuonyesha kwa fimbo lilipokuwa. Dada mmoja akataka mti wa mparachichi uliokuwa uani kwao. Hapo mwenyekiti akatokea, ameshika ndoo ya chokaa.

Yule mama hakupiga kelele. Alisimama mbele ya ukuta, brashi ikimdondoshea rangi ya bluu kwenye viatu.

"Mwanangu," akasema, "mlima ulinichukulia kila kitu bila kuniuliza. Wewe una mdomo, lazima uniulize. Ukiniuliza, nakataa."

Mzee wa zizi akasogea akasimama kando yake. Kisha yule dada. Kisha mimi, na mwenzangu nyuma yangu. Gari la Katesh likafika, konda akawa anapiga bodi, "Twende! Twende Katesh!" Hakupanda mtu. Dereva akazima injini, akateremka kuja kuangalia.

Mwenyekiti alitutazama mmoja mmoja. Nilidhani ataita mgambo. Badala yake akaweka ndoo chini, akaenda zake bila kuaga, na mpaka tunamaliza hakurudi kuichukua.

Wapo bado wanaoniambia kuwa huzuni haiwekwi barabarani. Nawajibu kuwa wale watu walikaa hapa, na hapa ndipo nitakapowachora. Ile chokaa ya mwenyekiti tuliikoroga na rangi ya udongo. Ilitosha kupaka kuta za nyumba ya yule dada, pale kwenye mchoro karibu na mparachichi, na ya jirani yake.