Maziwa ya Mama Pindo

Mtaani kwao wanawake waliitwa kwa majina ya watoto wao. Fundi huyu wa cherehani aliitwa Mama Pindo, maana kila gauni la mtoto alilishona kwa pindo pana, ili mtoto akirefuka lifumuliwe na kuteremshwa. Jina lilianza kama utani wa wateja. Baada ya yeye kuzika wana wawili, hakuna aliyethubutu kumtafutia lingine.

Wote wawili walizaliwa wazima, wenye sauti. Walinyonya vizuri mwanzoni, kisha wakalikataa ziwa, wakalegea, shingo zikakakamaa, wakaenda. Kwa wa kwanza watu walisema ni kazi ya Mungu. Kwa wa pili wakaanza kusema ni kazi ya mtu.

Mama mkwe, ambaye waliishi naye nyumba moja, hakumung'unya maneno.

"Wajukuu zangu walikuja wazima," alimwambia mbele ya mteja aliyekuja kupimwa. "Kilichoingia midomoni mwao ni maziwa yako tu. Kikulacho ki nguoni mwako!"

Mama Pindo aliendelea kupima kiuno cha mteja. Mumewe, seremala mpole, alikuwa mlangoni. Akainama akatafuta kitu kwenye viatu vyake. Kuinama kule kulimchoma mkewe kuliko tusi lolote.

Mimba ya tatu aliificha ndani ya magauni mapana hadi ilipokataa kufichika. Akazaliwa msichana mwenye macho ya mviringo, akamwita Kifungo. Siku chache baadaye naye akaanza kuliachia ziwa. Safari hii Mama Pindo hakungoja ushauri wa mtu. Alimbeba mbiombio hadi hospitali kubwa, mama mkwe akimfuata nyuma.

"Nataka nisikie kwa masikio yangu utakachowaambia," mama mkwe alisema.

Daktari wa watoto, mwanamke mwenye sauti iliyokauka kwa mafua, alimkagua mtoto. Vipimo vya damu vya hapo havikuonyesha malaria wala uambukizo. Alipomfungua nepi, akasita.

"Mama, hii harufu ni ya nini? Kama sukari iliyoungua."

"Ni mkojo wake, daktari. Hata kaka zake walikuwa hivyo. Nilidhani ni sabuni."

"Kaka zake wako wapi?"

Mama mkwe akadakia, "Wako udongoni. Muulize huyu aliwalisha nini."

Daktari alibandika kifuko cha plastiki cha kukingia mkojo katikati ya mapaja ya mtoto. Mtoto asiyenyonya ana mkojo gani? Wanawake wale wawili walikaa kila mmoja upande wake wa kitanda, macho kwenye kifuko. Matone yalipoingia, mama mkwe ndiye aliyeyaona kwanza.

"Amekojoa! Jamani, huyu amekojoa!" alipiga kelele, wodi nzima ikageuka.

Maabara waliuchanganya mkojo ule na dawa, ukawa mzito, wenye chembe za manjano. Daktari alisema hicho ni kidokezo tu cha ugonjwa anaoushuku. Mkojo na damu vilipelekwa kwenye maabara kubwa zaidi, na mtoto akawekewa dripu ya sukari.

"Kwa sasa asinyonye hata tone," daktari aliagiza.

Basi Mama Pindo akawa anakwenda kuyakamua maziwa yake kwenye sinki la choo cha wodi, akifungua bomba ili wenzake wasimsikie akilia.

Majibu yaliuthibitisha. Daktari akawaeleza kwamba mwili wa Kifungo hauwezi kuvunjavunja baadhi ya protini iliyomo kwenye maziwa. Mabaki yake hujaa kwenye damu, hudhuru ubongo, na mengine hutoka kwenye mkojo yakiwa na harufu ile.

"Kwa hiyo ni maziwa yake," mama mkwe alisema.

"Maziwa ya mama yeyote yangemdhuru, hata yako. Kasoro ni ya urithi. Nusu imetoka kwa mama, nusu kwa baba. Na baba kairithi kwenu, kwako au kwa mumeo."

Mama mkwe alishika chuma cha kitanda, akauliza:

"Na wale wavulana? Kama wangepimwa mkojo?"

"Pengine wangewahiwa," daktari alisema taratibu.

Kifungo hakufa, lakini maziwa yalikuwa yamekwishamdhuru. Hakai bila kuegemezwa, hasemi, na homa ndogo tu humtia degedege. Anaishi kwa maziwa maalumu ya hospitali, ambayo mara nyingine hukosekana. Seremala alikwenda mbali kutafuta kazi. Salamu zake zilikuja, zikapungua, zikakatika.

Mama mkwe alipita mlango kwa mlango mtaani. "Nilimsingizia mke wa mwanangu," alisema kila mahali. Jirani mmoja akamcheka: "Si wewe ndiye uliyetuambia?"

Juzi binti wa mama mkwe alikuja kumchukua akapumzike kwake.

"Nitakwenda vipi?" mama mkwe alijibu, kijiko mkononi. "Mtoto huyu hupaliwa akilishwa haraka."

Binti akamgeukia wifi yake. "Wifi, kwani umemsamehe?"

Mama Pindo hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Bado. Lakini mwache akae. Peke yangu Kifungo sitamweza."