Choo cha Kuvuta cha Yoba

Mwanangu amejenga nyumba hapa Muyinga, na juzi alinichukua nikaone choo chake kipya. Akatupa humo pamba na makaratasi, akavuta maji, akacheka: "Mama, ona, vyote vimekwenda!" Rafiki yangu, nikatafuta pa kukaa.

Sauti ile ilinirudisha Gitega, mtaa wa Yoba, miaka ya vita. Bibi yangu, fundi wa kushona, ndiye aliyenilea. Nyumba yetu ilikuwa na choo cha kuvuta, na tukikiringia kweli. Asubuhi ilinukia mandazi, na cherehani ilianza kelele mara tu baada ya swala. Shimo la taka lilikuwa ng'ambo ya barabara, lakini nani angevuka na risasi zile? Basi kila kitu tulitia chooni: majivu, maganda, hata vipande vya vitenge. Mimi nilileta ndoo, bibi akamwaga mpaka choo kikang'aa, kwa sababu hakuweza kuswali akijua nyumba ina najisi. Bomba la mtaa liliishia kwenye kijito cha bondeni, na huko hakuna aliyekwenda kutazama.

Alikuja kutufulia nguo mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Itaba, na mtoto mchanga mgongoni. Walilala bondeni, chini ya turubai. Bibi alimpenda, akimwekea ugali na maharagwe ya mawese, na yule mtoto akimwita mjukuu. Siku moja mama yule akamwuliza, "Bibi, mi nichote maji wapi? Kule kwetu iko matope tu."

"We chota pale yanakimbia," bibi akamjibu, kama alivyofundishwa tangu utoto. "Maji ya kukimbia haikai na uchafu."

Maskini, hakujua. Kijito kilikimbia vizuri penye mawe tu, chini kidogo ya bomba letu.

Mtoto akaanza kuhara. Hospitali ilijaa majeruhi, na kabla hajapata wa kumwangalia, akafa. Bibi alishuka bondeni kutoa pole, nami nyuma yake. Kwenye yale mawe, wanawake wakiendelea kuchota, aliona kipande cha kitenge cha njano kimenasa. Alikuwa amemshonea bi harusi kitenge kile kile. Akakiokota, akakikunja mkononi, akapiga yowe ambalo sijalisahau.

Alimweleza mama yule ukweli. Mama hakumtukana, alijifunga kanga, akaondoka, hatukumwona tena. Bibi akaziba choo chetu kwa saruji, akapita mlango kwa mlango kuwasihi majirani. Wakamwonea huruma tu. "Bibi amechanganyikiwa," walisema. "Maji yamekwenda, yeye bado anayafuata!" Na wakaendelea kuvuta.

Vita vilipotusukuma mpaka Muyinga, nilirudi kutoka shuleni siku moja nikamwambia bibi alichotufundisha mwalimu: mto Ruvubu unapokea vijito vya kule kwetu, unapita huku, na maji yake hayasimami mpaka baharini. Nilidhani atafurahi. Bibi akaweka kikombe chini. "Kumbe yametufuata," alisema.

Sasa bibi hayupo. Cherehani haipo, na Yoba ile ya mandazi na kelele za asubuhi naiona usingizini tu. Haya yote nilimsimulia mwanangu, polepole, nikilia. Alinisikiliza kwa heshima, akanishika mkono, akasema, "Pole, mama." Kisha akaenda chooni, nami nikasikia anavuta maji.