Usiku Bila Madebe

Wewe umewahi kutazama umati ukimuua mtu, kisha ukarudi nyumbani ukala chakula chako?

Ndila hakuweza. Ana miaka kumi na tano. Alikuwa akitoka shule alipokuta umati umemzunguka kijana aliyedaiwa kuiba simu, mayowe juu, madebe yakigongwa. Kijana hakuinuka tena. Tangu siku hiyo Ndila akakosa usingizi.

Na sisi wa mashamba ya chini tembo wakija kula mahindi, kijiji kizima hupiga mayowe na kugonga madebe. Kila tulipogonga, Ndila alijibana chini ya kitanda akiziba masikio. Kesho yake alisinzia darasani. Watu wakasema anajifanya. Wengine, ana mapepo.

Mamake, Mumbe, alisimama katika mkutano wa kijiji. Ni mjane, mkulima wa mahindi na ndengu kama sisi.

"Mtoto wangu hana pepo," alisema. "Alichokiona ndicho kinamla. Na sisi kila tembo wakija tunamrudisha palepale. Wacheni madebe. Nitazungusha ua wa pilipili; tembo hawaistahimili harufu yake."

"Mama Ndila," Sylus, jirani yake, akadakia, "kwani tembo unawapikia mchuzi?"

"Nawapikia, Sylus. Na wewe njoo na sahani yako."

Tulicheka, lakini akapewa usiku mmoja tu. Shamba likiliwa, madebe yanarudi.

Akaenda hadi kituo cha Miasenyi kwenye barabara kuu kuwaomba mafundi wa malori oili chafu. Akaichanganya na pilipili ya kusaga, akachovya matambara, akayatundika kwenye kamba za mkonge alizosokota mwenyewe kuzunguka mashamba yetu yote, hata la Sylus. Mimi nilishika kamba huku macho yakiniwasha, nikajiuliza: kwa nini kijiji kizima tumshinde nguvu msichana mmoja, badala ya kumlinda? Mumbe hakungoja sisi tujiulize hayo. Huyo ndiye jirani yangu, na najivunia kumwita hivyo.

Asubuhi iliyofuata tulikuta nyayo za tembo zimefika hadi kwenye kamba, zikageuka kurudi porini. Hakuna bua lililovunjika. Wanawake wakafungua midomo kupiga vigelegele. Mumbe akainua mkono.

"Shh! Ndila bado amelala."

Jua lilikuwa limeshapanda. Sylus akaliokota debe lake, akalikumbatia kifuani lisije likalia, akapita mbele ya nyumba ile akinyata.