Kizibo cha Kumi na Mbili

Gereji nzima ilimwita Vizibo, na hata mke wake, akikasirika, alimwita hivyo hivyo. Shule aliiacha darasa la nne, na kalamu hakupatana nayo tangu hapo, kwa hiyo hesabu zake alizifanya kwa vizibo vya soda. Gari kuukuu likiingia juu ya shimo lake, kwanza alishuka chini, akahesabu nipeli, yaani vile vichuchu vya chuma ambavyo grisi hupitia kuingia kwenye viungo. Kisha alitia vizibo idadi ile ile mfuko wa kushoto wa ovaroli. Nipeli moja ikishiba grisi, kizibo kimoja kinahamia kulia. Kushoto kukibaki kizibo, gari halitoki, mwenyewe apige honi mpaka betri ife.

Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na moja, na alijua anaiweza. Hakuwa mtu wa kujishusha ili asifiwe. Magari mapya hakuyachukia, ila aliyaonea huruma, maana viungo vyake hutiwa grisi kiwandani na kuzibwa moja kwa moja. "Ni kama mtoto umnyonyeshe siku aliyozaliwa," alisema, "halafu umwambie basi, hiyo ndiyo ya maisha yako yote."

Sasa asubuhi hiyo, kwenye saa mbili hivi, akiwa bado anapuliza chai yake, ikaingia gari ya kijivu anayoijua kuliko viatu vyake. Ilikuwa ya shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mkunga wa zahanati. Kwa gari hiyo mkunga alipanda milima na kuvuka makorongo kuwafuata kina mama wasioweza kumfuata yeye. Alikata kona ya getini kwa mikono miwili, mabega juu, meno nje.

"Shemeji, leo umekuja na gari au umekuja kupigana mieleka?" Vizibo akauliza.

"Nyamaza, mchafu wewe. Mdogo wangu alikosa wanaume, akaokota tambara la kufutia injini." Mkunga akashuka, akamnyooshea karatasi. Kisha akakumbuka huyu na maandishi hawapatani, akamsomea mwenyewe. "Usukani mzito, haurudi katikati. Nimeanguka ukaguzi, shemeji. Leo saa nane narudi mara ya mwisho. Nikianguka tena gari inalala, na bwana mkubwa wa zahanati ameshaniambia kiti changu kiko tayari kwenye chumba cha mafaili."

Hapo hakukuwa na utani tena. Vizibo alimwangalia mikono. Mikono ile ilipokea watoto wake wote wanne, na sasa ilikuwa na malengelenge ya kushindana na usukani.

Upande wa pili wa gereji alikuwapo fundi waliyemwita Profesa, kijana wa makamo, nadhifu, kompyuta yake ya kupimia magari ameivalisha mfuko wa nailoni. Alikuja, akainama, akatikisa tairi mara mbili.

"Mzee, hapo ni boksi la usukani limekufa. Liagizwe jipya. Wiki mbili, tatu."

"Mdogo wangu," Vizibo akasema taratibu, "maiti nimeshaziona. Hii bado inapumua. Saa nane shemeji yangu ataiendesha kwa kidole."

"Kwa kidole?"

"Na kidole chenyewe nitachagua mimi."

Profesa akacheka, akavuta ndoo, akakaa aone.

Vizibo hakuwa na haraka. Alipiga jeki, akaweka stendi, magurudumu ya mbele yakaning'inia, maana kiungo kilichobeba uzito hakipokei grisi vizuri. Akatoa vizibo kumi na viwili. Gari hiyo alikuwa anaijua, hakuhitaji kuhesabu upya. Akashika tambara na brashi, akasugua kila nipeli mpaka ikang'aa kabla ya kuigusa na bomba la grisi. Anayepiga grisi juu ya matope analisha kiungo mchanga, na mchanga unakula chuma.

Akaanza na bolijointi za juu, vile viungo ambavyo gurudumu hugeukia, kushoto na kulia, akaja za chini, kisha ncha za vyuma vya usukani. Bomba likalia kwa-cha, kwa-cha, grisi ya zamani ikatoka nyeusi, nyuma yake ikafuata mpya. Vizibo vikahama. Juu, Profesa na mkunga walikuwa wanabishana kama mtoto mwenye kilo nne ni mkubwa au wa kawaida.

Kumi na moja. Vizibo akatambaa kwenda kwenye mkono msaidizi, kile kipande upande wa pili wa boksi kinachoshikilia fimbo ya usukani isicheze. Akapapasa mahali pa nipeli ya kumi na mbili. Akapapasa tena. Akawasha tochi.

Palikuwa na bolti.

Bolti fupi yenye kichwa kilichofutika pembe moja. Aliitambua mara moja, kwa sababu aliifunga yeye. Mwaka uliopita nipeli ya hapo ilikatikia mkononi mwake, dukani hazikuwapo, akaziba tundu kwa bolti vumbi lisiingie, akasema kesho. Siku hiyo mkunga alikuwa anamchekesha na habari za mwanamume aliyezimia wodini mkewe anajifungua, na yeye, kwa kicheko, kizibo akakihamisha kama vile kazi imefanyika. Tangu hapo gari ilipita mikononi mwake mara tatu, na kila mara mkono ulipofika penye bolti ile, kizibo kilihama kwa mazoea.

Angeweza kuchomoa bolti akaitia mfukoni, nani angejua?

"Shemeji," akaita, "panda uzungushe usukani, polepole."

Mkunga akazungusha. Vizibo akaweka kiganja kwenye mkono msaidizi, akausikia unakwaruza ndani kama kinu kikavu. Akaifungua bolti, akapanda juu ya shimo nayo kiganjani, wote wawili waione.

"Boksi ni zima. Ugonjwa ni huu, na aliyeuleta ni mimi. Nilihesabu bolti kama nipeli. Mwaka mzima nimekunyima grisi sehemu moja, shemeji, huku nakupungia mkono na kukuambia nenda salama."

Mkunga akamtazama, akaitazama bolti. "Kwa hiyo mabega yangu haya..."

"Ni kazi yangu."

"Basi rudi shimoni, shemeji. Kukutukana nitakutukana jioni nikiwa nimekaa."

Hata Profesa aliinuka kwenye ndoo. Yeye ndiye aliyekuwa na nipeli mpya ya saizi ile, ndani ya kopo la skrubu. Vizibo akaifunga, akabana bomba. Grisi ikagoma. Ya ndani ilikuwa imekauka kama gundi. Akadondoshea dizeli, akamwambia mkunga azungushe kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, akapiga tena. Ikagoma. Dizeli, zungusha, piga. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Mara pembeni mwa mkono ukachomoza uzi mwekundu kama vumbi la matofali, kutu tupu, ukafuata mweusi, halafu, kwa utulivu kabisa, ikatoka grisi safi. Akautikisa mkono kwa mtaimbo, juu, chini. Haukucheza. Kutu ilikuwa imeukaba tu, haikuwa imeula.

Kizibo cha mwisho hakukihamisha; safari hii alitaka kwanza aone. Alikwenda nacho mfuko wa kushoto mpaka uwanja wa ukaguzi.

Mkaguzi, mwanamama mnene asiye na maneno, aliizungusha gari uwanja mzima, akakata kona, akauachia usukani, ukarudi katikati wenyewe. Akashuka, akasoma karatasi ya zamani, akaitazama gari, kisha akapiga muhuri.

"Mmebadilisha nini?"

"Fundi," mkunga akajibu. "Wa zamani alikuwa anahesabu vibaya."

Vizibo akahamisha kizibo. Kisha akaitoa ile bolti, akaitia mfuko wa kushoto uliokuwa sasa mtupu, na huko ikakaa siku zote, imgonge pajani kila anapoinama.

Simu ya mkunga ikalia. Kulikuwa na mama ng'ambo ya korongo, uchungu umemwanza tangu alfajiri. Mkunga akapanda, akawasha, akakata kona ya geti la uwanja kwa kidole cha shahada, kidole chenyewe amekichomeka kwenye usukani kama ndoano.

"Mikono miwili, shemeji!" Vizibo akapiga kelele.

"Wa pili nakupungia!" akajibu, na kweli alikuwa anapunga, mpaka gari ikapotelea nyuma ya ukuta.